Zamu wa Mlangoni: Maana ya Kukesha Wakati wa Adventi

Ukiwauliza watoto wa katekismu: «Adventi ni nini?», watajibu mara moja: «Ni majuma manne ya kungojea Noeli.» Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu tu ya jibu, tena ni nusu ya mwisho. Adventi huanza kwa Vesperi ya kwanza ya Dominika iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, na siku zile Eklezia haituongozi bado kwenye hori la Betlehemu. Tazama Injili ya Dominika ya kwanza: mwaka A ni Mateo sura ya 24, mwaka B ni Marko 13, mwaka C ni Luka 21. Zote tatu zasema juu ya kurudi kwake Bwana. Kanuni za mwaka wa liturjia, alizozithibitisha Papa Paulo VI mwaka 1969, zaeleza wazi kwamba Adventi ina mambo mawili: kukumbuka kuja kwa kwanza kwa Mwana wa Mungu, na kuelekeza mioyo kwa kuja kwake kwa pili. Siku za 17 hadi 24 Desemba ndizo zilizowekwa hasa kwa kutayarisha Noeli, na prefasi nayo hubadilika tarehe 17.

Neno lenyewe latufundisha. Wagriki walisema «parusia», Walatini «adventus»: ni kufika kwa mfalme kuutembelea mji wake. Sisi twajua mambo hayo. Askofu akitangaza kwamba atakuja kutoa Kipaimara, watu wafyeka njia, wafunika mashimo, na watoto wapanda kilimani kuangalia vumbi la motokari. Tofauti ni moja tu: Askofu huandika tarehe katika barua.

Bwana wetu hakuandika tarehe. Alitoa mfano, nao kwa Marko ni mfupi kabisa: mtu asafiri, aacha nyumba mikononi mwa watumishi wake, kila mmoja na kazi yake, naye bawabu aamriwa kukesha. Katika miji yetu mtu anayelinda nyumba usiku twamwita «zamu». Jina hilo ni zuri, maana zamu ni mtu, tena ni sehemu ya usiku. Warumi waligawa usiku katika zamu nne, na Marko azitaja zote: jioni, katikati ya usiku, jogoo awikapo, asubuhi.

Hapo nawaomba wanaseminari wafungue kitabu na kuendelea kusoma sura ya 14, kwa maana wengi hukomea mwisho wa mfano. Jioni, Yezu aketi mezani na wale Kumi na Wawili, na mmoja wao amekwisha kumuuza. Usiku ukiendelea, yuko Getsemani katika uchungu wa kufa. Awaomba watatu wakeshe pamoja naye, nao walala, si mara moja bali mara tatu. Jogoo awika, na Petro amemkana. Asubuhi yafika, wakuu wamfunga na kumpeleka kwa Pilato. Zamu nne ndizo hizo hizo! Mwinjili hakutueleza kwamba amekusudia hivyo, lakini ni vigumu kufikiri kwamba ni bahati tu. Basi kukesha si kutazama mawingu. Mitume hawakushindwa kwa sababu ya kukosa kujua saa ya mwisho wa dunia. Walishindwa kwa sababu Bwana alikuwa karibu nao, hatua chache tu, akiteswa, nao walikuwa na usingizi.

Mateo naye aongeza jambo ambalo wahubiri hulipita upesi. Watu wa siku za Noe hawatajwi pale kwa wizi wala uuaji. Walikula, walikunywa, walioa: mambo ya kila siku, wala hawakufahamu lolote. Kisha wanawake wawili wanasaga unga kwa jiwe moja. Mmoja atwaliwa, mwingine aachwa. Kazi yao ni moja, jasho ni moja, na jirani akipita nje hawezi kuona tofauti yoyote.

Kwa hiyo wanakosea wale wanaofikiri kwamba mwenye kumngoja Bwana aache kazi. Kosa hilo ni la zamani sana. Wakristu wa Tesalonika, waliobatizwa miaka 20 hivi baada ya Ufufuko, waliingiwa na hofu kwamba siku ya Bwana imekwisha fika, na wengine kati yao walizunguka bure wakila chakula cha wenzao. Mtume Paulo aliwakemea: asiyetaka kazi asitazamie chakula. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi ya mikono kwao usiku na mchana.

Na huku kwetu? Mafundisho ya Watch Tower yaliingia Katanga kutoka kusini, yakaitwa Kitawala, yakaenea hata mashariki. Mwaka 1944, sehemu za Masisi na Lubutu, mtu aliyeitwa Bushiri alijidai kuwa na mamlaka kutoka kwa Yezu na kutangaza mwisho wa utawala wa wazungu. Watu wengi walimfuata, na serikali ya Wabelgiji ikawavunja kwa bunduki. Wako wanaowacheka watu wale. Mimi naona si vizuri kucheka. Ilikuwa miaka ya vita. Kazi za lazima, mpira na kodi viliwalemea wanakijiji mpaka mgongo ukakatika. Mtu anayeonewa ana haki ya kutamani haki ije upesi. Ikiwa hasikii kwetu kwamba Kristu atakuja kuwahukumu wakubwa na wadogo, atakwenda kusikia kwa mwingine atakayemwongezea tarehe. Hata leo wahubiri wa tarehe hawajaisha mijini.

Mtakatifu Bernardo, abate wa karne ya 12, alifundisha kwamba kati ya kuja kwa kwanza na kwa mwisho kuna kuja kwa katikati, kwa siri, ndani ya roho ya kila mmoja. Mtu anaweza kuonyesha jambo hilo kwa maneno mengi. Mimi nachagua siku moja.

Jumamosi 28 Novemba 1964 ilikuwa ndiyo siku ya Vesperi ya kwanza ya Adventi. Wakati wa vita vya Wasimba, wapiganaji walifika misioni ya Baraka, kando ya ziwa Tanganyika. Walimpiga risasi Bruda Vittorio Faccin. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Alipoamriwa apande motokari, alikataa kumwacha nduguye, akauawa karibu naye. Jioni ile ile, kule Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Kesho yake, Dominika ya kwanza yenyewe, masista wa Jamaa Takatifu wa Bafwabaka walichukuliwa kwa nguvu. Usiku wa kuamkia 1 Desemba, kule Isiro, Sista Anuarite Nengapeta akauawa kwa kukataa kuvunja ahadi yake. Yeye alitangazwa Mwenye Heri Kinshasa mwaka 1985. Wale wanne, Uvira, 18 Agosti 2024. Padri Carrara hakuwa akipiga hesabu ya siku za mwisho. Alikuwa anafanya kazi ya Jumamosi ya padri.

Kwa matendo, basi. Katekista anayeongoza sala kijijini pasipo padri, asianze nyimbo za Noeli tangu Dominika ya kwanza, hata wanakwaya wakimlilia. Aeleze kwa nini Gloria imenyamaza na Aleluya yabaki: hii si Karesima, anayengojewa ni rafiki. Atembelee wenye ugomvi, wajane walionyang'anywa shamba, wafungwa kama gereza liko karibu. Mapadri nao wapange maungamo na safari ya kwenda kwa wagonjwa tangu juma la kwanza. Tarehe 24 Desemba foleni ya kiungamio imekwisha kufika barabarani, na mgonjwa aliye mbali hana wa kumpelekea Komunyo.