Tundu la Tenki Huanzia Ndani

Land Rover ya zamani ina kichekesho chake. Ilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ikaundwa kwa alumini. Ndiyo maana hadi leo utaikuta 109, ile ndefu, ya nusu karne imebonyea kila upande na mabati yake bado hayajaoza. Tenki la mafuta, hata hivyo, ni la chuma. Kwenye ile fupi, 88, liko chini ya kiti cha mbele cha kulia, yaani dereva wetu amekalia lita 45 hivi za petroli. Likianza kuvuja, swali la kwanza gereji huwa ni tundu liko wapi. Swali hilo ndilo linalopoteza fedha za watu. La maana ni unene wa chuma kilichobaki, na jibu lake huwezi kulipata kwa kutazama nje.

Mara nyingi tenki huozeshwa na maji lililoyanywa lenyewe. Petroli ikipungua, hewa huingia kuchukua nafasi yake. Usiku bati likipoa, unyevu uliomo hugeuka matone, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, matone huteremka hadi sakafuni na kutuama kwenye mshono na kando ya kizibo cha kumwagia. Petroli iliyochanganywa na ethanoli huongeza tatizo, maana ethanoli huvuta maji, na yakizidi vyote viwili hujitenga na mafuta na kuzama pamoja. Hivyo gari linalotunzwa kama yai, likitolewa kwa harusi na sikukuu tu huku tenki likiwa nusu, laweza kuoza upesi kuliko lile linalobeba mkaa kila siku.

Ushahidi unapatikana kabla ya kufungua boliti hata moja. Tazama kikombe cha kioo chini ya pampu ya mafuta. Petroli ikiwa safi, unaona hadi upande wa pili. Ukikuta unga wa rangi ya matofali umetuama na kitone cha maji kinaviringika juu yake, kutu imeshaanza safari ya kwenda kwenye kabureta. Kisha tenki lishushwe, limwagwe nje penye upepo, lioshwe na kuachwa lipumue, geji itolewe, ndipo umulike kwa tochi iliyozibwa vizuri. Taa ya waya isikaribie. Kutu inayofutika kwa kitambaa ni jambo dogo. Ikitoka kwa magamba, ujue chuma kimeondoka nayo. Bonyeza sakafu kwa ncha ya bisibisi: bati zima halitikisiki, lililooza hubonyea, na pengine bisibisi hupenya. Afadhali ipenyee hapo gerejini.

Hapo ndipo unapotenganisha jeraha na ugonjwa. Tenki lililotobolewa na jiwe au kusuguliwa na mkanda wa chuma limejeruhiwa. Bati linalozunguka tundu ni zima, na kiraka kitashika. Lililotobolewa na kutu linaumwa, na tundu unaloliona ni lile lililotangulia tu. Ukiliziba, la pili litatokea sentimita mbili pembeni. Sabuni ya mche inayosuguliwa penye ufa huzuia petroli kweli, kwa kuwa sabuni haiyeyuki ndani ya mafuta. Lakini inayeyuka ndani ya maji, na gari litavuka kijito siku moja. Kwa kufika mjini inatosha.

Wengi hukimbilia kuchomelea. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa, na katika tenki la lita 45 kiwango hicho cha chini hakihitaji hata kijiko kimoja cha chai cha petroli. Kiasi hicho hujificha ndani ya magamba ya kutu na mikunjo ya mshono hata baada ya tenki kukaa wazi juani. Mafundi watajibu kwamba wamechomelea miaka yote kwa kulijaza maji kwanza. Hoja hiyo isidharauliwe, maana maji hufukuza mvuke. Ila huacha vifuko vya hewa kwenye pembe za juu na nyuma ya kuta za ndani zinazozuia mafuta kuyumba, tena ushahidi wa waliosalimika una kasoro: aliyelipukiwa hayupo kijiweni kusimulia. Na hata kazi ikiisha salama, moto ule ule unatafuna bati lililokonda, fundi akifuata tundu kwa tundu hadi sakafu nzima iwe viraka.

Kuna dawa ya kupaka ndani, utomvu mzito unaokauka na kuwa ngozi. Wanaoisifu wana haki, mradi tenki liwe safi na kavu kabisa. Tatizo ni kwamba chuma kilichooshwa kwa asidi huanza kushika kutu upya dakika chache baada ya kusuuzwa, na ngozi iliyolala juu ya kutu hubanduka vipande vipande vinavyoziba bomba. Dawa nyingine za zamani hulainishwa na ethanoli. Hiyo ni kinga ya bati zima. Bati lililokwisha halijengwi nayo.

Linabaki pingamizi la wapenda uasilia, wakiwemo wanaoandaa magari kwa Concours d'Elegance ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1970: gari lenye tenki jipya si lile lile tena. Lakini hakuna anayejivunia tairi za mwaka 1965. Tenki ni kitu cha kuisha, na kwa Land Rover matenki mapya bado yanatengenezwa. Kwa gari adimu ambalo tenki lake halipatikani popote, nakubali kulisafisha kwa mvuke wa maji moto, kukata sakafu yote na kutia bati jipya, kazi ya fundi mwenye vifaa vya kupima mvuke. Gharama yake hushinda ya tenki jipya, na hapo ndipo uasilia unapostahili kulipiwa.

Tenki jipya nalo, kabla ya kufungwa, lijaribiwe kwa upepo mdogo na povu la sabuni. Presha ya tairi italivimbisha. Mrija wa kupumulia uwe wazi, la sivyo pampu itavuta utupu na gari litazima njiani. Bomba la zamani lisirudishwe bila kusafishwa, kwa sababu kutu ya tenki la kwanza bado imo humo. Katika safari chache za mwanzo, kile kikombe cha kioo kitaendelea kukusanya unga wa matofali, kila mara kidogo zaidi, hadi petroli ionyeshe upande wa pili.