Mtoto Hakomazwi na Shida

Mwaka 1955, katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, watafiti walianza kuwafuatilia watoto 698 waliozaliwa kisiwani mwaka huo. Wengi walikuwa watoto wa vibarua wa mashamba ya miwa na mananasi. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwachunguza tangu uchanga hadi walipofikisha miaka 40.

Karibu theluthi moja yao walianza maisha vibaya: ufukara, matatizo wakati wa kuzaliwa, ugomvi usiokwisha nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Miongoni mwa waliolemewa na shida nne au zaidi kabla ya kutimiza miaka miwili, theluthi mbili waliharibikiwa, wengine masomoni, wengine kitabia. Nani angetarajia vinginevyo? Lakini waliobaki, vijana 72, walikua watu wazima wanaojiamini, wachapakazi na wenye huruma.

Baadhi yao walijaliwa uchangamfu tangu utotoni, na mtoto mchangamfu huvuta watu. Kubwa zaidi ni kwamba kila mmoja alikuwa na walau mtu mmoja aliyemjali bila kuyumba. Mara nyingi hakuwa mzazi. Alikuwa bibi, shangazi, dada mkubwa, mwalimu au jirani. Wengi pia walikuwa na kazi ambayo familia iliitegemea kweli, kama kulea wadogo zao, hivyo walijua kwamba wanahitajika. Hata kati ya walioteleza ujanani, wengi walijirekebisha baada ya miaka ya ishirini kupita, kwa njia ya elimu ya watu wazima, ndoa tulivu au jumuiya ya waumini.

Kwetu habari kama hizi husomwa kinyume. “Sisi tulichapwa, tukalala njaa, na tumekuwa watu.” Nakataa, na ushahidi unakataa. Wale 72 hawakukomazwa na shida. Waliokolewa na watu waliosimama kati yao na shida hiyo.

Maabara nayo imefika karibu na hapo. Katika miaka ya 1960, Wamarekani Martin Seligman na Steven Maier waliona kwamba mbwa aliyepigwa na umeme asioweza kuuzima huacha kujitetea hata njia ya kutoroka inapokuwa wazi. Wakasema mnyama huyo amejifunza kukata tamaa. Mwaka 2016, baada ya miaka mingi ya kuchunguza ubongo wa panya, wawili hao waliigeuza nadharia yao: kunyong’onyea ndiyo hali ya asili mateso yanaporefuka. Kinachofunzwa ni tumaini. Sehemu ya mbele ya ubongo ikigundua kwamba juhudi zinaleta mabadiliko, hutuliza chembe za taharuki zilizo katika shina la ubongo.

Kwa mzazi, hili lina uzito. Mtoto anayehangaika na hesabu za kugawanya hahitaji kufanyiwa, wala kuitwa mjinga. Anahitaji mtu aketi naye mpaka aone kwamba jibu limetoka mkononi mwake. Hata saikolojia chanya, yaani elimu ya mambo yanayomstawisha mtu, ambayo Seligman huyohuyo aliipigia debe mwaka 1998 alipokuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, imegeuzwa na baadhi ya watu kuwa somo la kutabasamu. Mtoto mwenye njaa asiambiwe atabasamu. Alishwe kwanza.

Kenya imetoa jaribio ninaloliheshimu sana. Mpango wa Shamiri, ulioasisiwa na Mkenya Tom Osborn, hukutanisha wanafunzi wa sekondari kwa vikundi, saa moja kwa wiki, wiki nne. Huzungumzia mambo matatu: kwamba mtu anaweza kubadilika, kushukuru, na kujua anachokithamini maishani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, kwa wanafunzi 413, yalionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, na miezi saba baadaye tofauti ilikuwa bado ipo.

Wanaoongoza vikundi hivyo si madaktari. Ni vijana waliotoka sekondari juzijuzi tu, wa umri wa kaka na dada. Shule isiyo na mshauri nasaha inaweza kuwapata vijana hao mtaani kwake, mradi wapewe mafunzo, wawe na msimamizi, na wajue pa kumpeleka mwanafunzi aliyezidiwa.