Bosi wa Mwisho Hushindwa kwa Hesabu

Bosi wa mwisho ni adui anayewekwa kwenye kilele cha mchezo wa kompyuta, au mwisho wa sehemu yake kubwa, ili kumpima mchezaji kwa yote aliyojifunza tangu mwanzo. Katika michezo ya kufyatua risasi yenye hadithi za kisayansi, ile ya roboti, viumbe wa sayari nyingine na vita vya angani, adui huyu huwa na umbo kubwa kuliko wenzake, uhai mwingi na silaha kali. Katika kumbi za gemu za Nakuru, kama kwingineko nchini Kenya, anayeshindwa naye mara nyingi hulaumu vidole vyake. Lawama hiyo huelekezwa pasipostahili. Bosi ni programu. Kila pigo lake liliandikwa na mtu, na mchezaji anayezisoma kanuni zake humshinda hata akiwa na vidole vya kawaida.

Mashimo ya Hyrax Hill

Kusoma kanuni za mchezo ni kazi ya zamani Nakuru. Kilomita chache kutoka katikati ya jiji, karibu na barabara kuu ya Nairobi, kuna kilima cha Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alifanya uchimbaji mwaka 1937 na 1938 na kufukua makazi na makaburi ya watu wa kale. Kwenye miamba ya kilima hicho kuna safu za mashimo ya bao yaliyochongwa jiweni. Michezo ya aina hiyo ingali hai Bonde la Ufa na kandokando yake: Wakikuyu wana giuthi, Wamaasai wana enkeshui, Wajaluo wana ajua.

Michezo hiyo haina dadu wala karata za kuficha. Kete zote ziko wazi mbele ya wachezaji wawili, na mshindi ni yule anayejua kete zitaishia shimo gani kabla hajazichota. Gemu ya kufyatua risasi nayo ina kanuni zisizoyumba, lakini zimefichwa ndani ya programu na mchezaji hana budi kuzifichua kwa kujaribu. Ndiyo maana kuuawa na bosi mara kadhaa si aibu. Kila kifo kinatoa habari: ni pigo gani lililoua, lilitanguliwa na ishara ipi, na mchezaji alikuwa amesimama wapi. Asiyezingatia habari hizo hurudia kifo kilekile.

Namna bosi anavyoamua

Waundaji wengi wa gemu hupanga tabia za adui kwa hali chache: kutulia, kusaka, kushambulia, kuumia na kufa. Kwa wakati wowote adui yumo katika hali moja tu, na huhamia nyingine sharti fulani likitimia. Sharti linaweza kuwa kumwona mchezaji, kumkaribia, au uhai kushuka chini ya kiwango kilichowekwa. Bosi anayebadilika ghafla katikati ya pambano, akaongeza kasi au kutoa silaha mpya, huwa amevuka kiwango kama hicho. Uchaguzi wa pigo unaweza kuwa wa kubahatisha, lakini orodha ya mapigo yenyewe haiongezeki. Mchezaji akishaijua, hatashangazwa tena.

Kenya ina mfano wake wa aina hii ya michezo. Mwaka 2015 kampuni ya Black Division Games ya Nairobi ilitoa Nairobi X, mchezo wa kufyatua risasi wa pande tatu ambamo viumbe kutoka anga za mbali wanavamia mji mkuu. Maadui wake, kama wa gemu yoyote ya jamii hiyo, wanaendeshwa na masharti yaliyoandikwa mstari kwa mstari na waandishi wa programu.

Roketi si risasi

Mchezo unaofaa zaidi kuonyesha jinsi kanuni hizo zinavyofanya kazi ni Doom, uliotolewa na kampuni ya id Software ya Marekani mwezi Desemba 1993. Sehemu kubwa ya hadithi yake inatokea kwenye Phobos na Deimos, miezi miwili ya sayari ya Mirihi. Msimbo wake ulitolewa hadharani mwaka 1997, kwa hiyo namba zake zinajulikana na yeyote anaweza kuzikagua.

Sehemu ya pili ya Doom inamalizikia kwa Cyberdemon, jitu lenye pointi 4000 za uhai na mkono mmoja unaofyatua roketi. Gemu hii inapiga hesabu zake mara 35 kwa sekunde, na kila hesabu inasogeza roketi vizio 20 vya umbali. Roketi inasafiri basi vizio 700 kwa sekunde. Mtu huchukua takriban robo ya sekunde kati ya kuona kitu na kubonyeza kitufe, na katika muda huo roketi imeshakwenda vizio 175. Mchezaji aliyesimama karibu zaidi ya hapo anapigwa kabla kidole hakijaitika, hata awe bingwa. Aliye umbali wa vizio 1400 ana sekunde mbili nzima za kukwepa. Kanuni ya kwanza inajitokeza hapo: umbali hununua muda.

Kanuni ya pili imo katika namna jitu hilo linavyolenga. Cyberdemon hutoa roketi tatu kwa mfululizo, zikiachana kwa takriban sekunde 0.7, na kila moja inaelekezwa mahali mchezaji alipo wakati huo, si mahali atakapokuwa. Anayekimbia kwa upande, akimzunguka jitu bila kusimama, huziacha roketi zipite nyuma yake moja baada ya nyingine. Anayerudi nyuma kwa mstari ulionyooka hubaki kwenye njia ya roketi, nayo hatimaye humfikia. Hapa ushindi unaletwa na mwelekeo wa mwendo kuliko kasi ya mkono.

Kanuni ya tatu ni ya akiba. Roketi ya mchezaji ikimpiga Cyberdemon mwilini hupunguza kati ya pointi 20 na 160, wastani wa 90. Mlipuko wa pembeni haumdhuru hata kidogo. Gawanya 4000 kwa 90 na jibu ni roketi 45 hivi. Mchezaji asiye na begi la ziada hubeba roketi 50 tu, maana yake anaruhusiwa kukosa mara tano. Anayezimaliza roketi zake kwa viumbe wadogo njiani ameshashindwa kabla hajafika kwa bosi, ingawa hajui bado.

Sehemu ya tatu ya Doom inafunga kwa Spider Mastermind, buibui wa chuma mwenye pointi 3000. Ana uhai mdogo kuliko Cyberdemon, lakini anayemkabili kwa mbinu ileile hufa haraka. Silaha yake ni bunduki ya rashasha, na risasi za Doom hazina mwendo: programu inapiga mstari kutoka mtutuni hadi kwenye shabaha na kutoa jibu papo hapo. Hakuna kinachoonekana kikija, hivyo hakuna cha kukwepa. Tena akianza kufyatua haachi madamu anamwona mlengwa wake. Dawa yake ni kizuizi: kujitokeza, kupiga, na kurudi nyuma ya nguzo ili mstari ukatike.

Buibui huyo ana udhaifu uliomo katika ukubwa wake. Silaha kubwa ya Doom, BFG 9000, hutoa mpira wa nguvu na baada yake miale 40 iliyotawanyika kama feni. Ikifyatuliwa kwa karibu mbele ya mwili mpana kama ule, miale mingi hutua hapohapo, na pigo moja au mawili huweza kummaliza. Umbali uliomwokoa mchezaji kwa Cyberdemon unamponza kwa buibui. Mbinu haihami kutoka kwa bosi mmoja hadi mwingine pasipo kuuliza kwanza silaha ya adui inafanyaje kazi.

Kukata chanzo

Mabosi wengine hawawezi kushindwa kwa kupigwa tu. Half-Life, mchezo wa kampuni ya Valve uliotoka mwaka 1998, unaishia kwa Nihilanth, kiumbe mkubwa anayeelea ndani ya pango. Kuzunguka pango hilo kuna mawe angavu yanayomrudishia uhai kila anapojeruhiwa. Mchezaji anayemshambulia moja kwa moja hutumia silaha zake bure, kwa sababu kinachopungua kinajazwa tena. Utaratibu sahihi ni kuvunja mawe yote kwanza, kisha kumpiga mpaka kichwa kifunguke, na kulenga ndani ya kichwa hicho. Kila uhai wa bosi unapopanda bila sababu ya wazi, jambo la kwanza ni kuacha kumpiga na kutafuta kinachomlisha.

Ubongo unavyojifunza

Kujua kanuni hakutoshi mpaka mwili uzishike. Mwaka 1952 mwanasaikolojia wa Uingereza William Hick alionyesha kwamba muda wa kuitikia hurefuka kadiri chaguo zinavyoongezeka. Mchezaji anayeingia kwa bosi na silaha nane akilini huchelewa kuliko aliyekwisha kuamua kutumia mbili. Uamuzi huo ufanywe nje ya uwanja wa mapambano, na vitufe vya silaha hizo vipangwe karibu na kidole.

Mazoezi nayo yana faida iliyopimwa. Mwaka 2003 Shawn Green na Daphne Bavelier wa Chuo Kikuu cha Rochester walichapisha katika jarida la Nature utafiti kuhusu watu wasio na mazoea ya gemu. Waliocheza mchezo wa kufyatua risasi saa moja kwa siku kwa siku 10 waliboreka katika kugawa makini yao kwenye vitu vingi vinavyoonekana kwa pamoja, kuliko waliocheza Tetris kwa muda huohuo. Uwezo wa kuona roketi, kizuizi na boksi la dawa kwa wakati mmoja hujengwa basi kwa kufanya.

Usingizi huikamilisha kazi hiyo. Mwaka 2002 Matthew Walker, Robert Stickgold na wenzao waliwafundisha watu kubonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu. Baada ya kulala usiku kasi yao ilipanda kwa takriban asilimia 20 bila mazoezi ya ziada, ilhali waliokaa macho kwa muda sawa hawakupata nyongeza kama hiyo. Anayeng'ang'ana na bosi hadi usiku wa manane anajinyima saa ambazo ubongo ungemfanyia kazi. Kuhifadhi mchezo, kulala na kurudi kesho ni mbinu yenye ushahidi, na humsaidia pia anayechezea mahali ambapo stima hupotea bila taarifa.

Mpangilio wa shambulio

Yote haya yanaleta utaratibu mmoja unaofaa kwa bosi wa aina yoyote. Majaribio ya kwanza yatumike kutazama tu: mchezaji akwepe, asipige, na aorodheshe mapigo na ishara zinazoyatangulia. Kisha atambue kama silaha ya adui inasafiri au inafika papo hapo, maana hilo ndilo linaloamua kati ya kuzunguka na kujificha. Halafu apige hesabu ya risasi dhidi ya uhai, achunguze kama uhai unarudishwa, na achague silaha mbili. Hapo ndipo ashambulie, akipiga katika mwanya ulio baada ya pigo la adui na kuacha kabla pigo jingine halijaanza. Wengi hufa adui akiwa amebakiza uhai kidogo, kwa sababu tamaa ya kumaliza huwafanya wavunje utaratibu uliowafikisha hapo.

Anayeweza kumsoma bosi namna hii ameshaanza kufikiri kama mwandishi wa programu. Katika Kaunti ya Nakuru, Chuo Kikuu cha Egerton huko Njoro na Chuo Kikuu cha Kabarak vyote vinafundisha sayansi ya kompyuta, na msimbo wa Doom unapatikana bure kwa yeyote mwenye kompyuta. Kijana aliyemshinda Cyberdemon na aufungue msimbo huo, atafute mistari inayoliendesha jitu lile, abadilishe namba moja na kutazama kinachotokea. Kutoka hapo hadi kuunda bosi wake mwenyewe ni suala la bidii.