Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Jioni, vijana wa Iyula wilayani Mbozi wanapogawana timu, kila mmoja hutaka kuwa mfungaji. Anayeambiwa abaki nyuma huona kama ameadhibiwa. Hatudhani kuwa jambo hili ni la Iyula peke yake. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba bila shaka nao wanalifahamu. Ndiyo maana leo tumeona yafaa kumzungumzia mtu aliyepata riziki na heshima kwa kubaki nyuma, tena katika nchi za watu.

Huyo ni Pascal Serge Wawa, mlinzi wa kati, mzaliwa wa Ivory Coast mwaka 1986. Aliichezea ASEC Mimosas ya Abidjan, akaenda Sudan katika klabu ya El Merreikh ya Omdurman, na mwaka 2014 akajiunga na Azam ya Dar es Salaam.

Kazi yake haikuchelewa kuonekana. Agosti 2015 Azam ilitwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Gor Mahia ya Kenya mabao 2–0, na mashindano yakaisha bila lango lake kuingia bao hata moja. Miongoni mwa walinzi wenzake alikuwamo Aggrey Morris, aliyepata kuichezea timu ya Zanzibar. Mgeni na mwenyeji walilinda lango moja.

Baada ya kurudi Sudan kwa muda, Wawa aliitwa na Simba mwaka 2018. Alikuwa na umri wa miaka 32, umri ambao wengi humhesabu mchezaji kuwa amekwisha. Msimu huo Simba ilifungwa mabao 5–0 na AS Vita ugenini Kinshasa, kisha 5–0 tena na Al Ahly nchini Misri. Timu ya moyo mwepesi ingesambaratika. Lakini Februari 2019, jijini Dar es Salaam, Simba iliishinda Al Ahly 1–0, na Machi ikaishinda Vita 2–1, ikaingia robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Wawa alikuwa bingwa wa Ligi Kuu mara tatu mfululizo kabla ya kuagana na Simba mwaka 2022 na kuhamia Singida.

Sasa twauliza: baada ya miaka hiyo yote, taifa lilibakiwa na nini?

Mwaka 2015 idadi ya wachezaji wa kigeni kwa klabu moja ilipandishwa kutoka 5 hadi 7. Baadaye ikawa 10, kisha 12. Wapo wasemao kuwa wageni wanawaziba vijana wetu njia. Wapo wasemao kuwa bila wao tusingesikika Afrika. Kila upande una hoja. Lakini ubishi wa idadi umetusahaulisha jambo kubwa zaidi, nalo ni ujuzi ambao mgeni huacha nyuma yake, na anayeachiwa.

Huku Bara, sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka mwajiri awe na mpango wa kuwarithisha raia ujuzi wa mgeni. Kiwandani na mgodini maana yake yaeleweka. Uwanjani je? Ni kijana gani aliyekabidhiwa kwa Wawa, ili afundishwe namna ya kusimama, kusoma pasi kabla haijapigwa, na kutulia baada ya kufungwa mabao matano?

Twawasihi viongozi wa michezo wa pande zote mbili za Muungano walitazame jambo hili. Mkataba wa mlinzi mgeni utaje pia saa za kukaa na timu ya vijana. Na katika mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, macho yasiwatazame wafungaji tu. Visiwa vilivyomlea Nadir Haroub, nahodha wa Taifa Stars kwa miaka mingi, vina haki ya kulidai hili kwa sauti.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji atazame tu. Kijana wa Iyula aliyebaki nyuma jioni ya leo anastahili kujua kuwa amepewa kazi, wala hakuadhibiwa.