Chanjo Kinywani, Kisima Uani

Tangu Julai 2014 watoto wachanga wa Kenya hupewa matone ya kuwakinga na virusi vya rota, vinavyoleta kuhara kukali. Hata chanjo ikiwa ni ile ile, nguvu yake hutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Ulaya, ilipojaribiwa, ilizuia zaidi ya asilimia 95 ya kuhara kukali kunakoletwa na rota katika msimu wa kwanza; Malawi, kwa matokeo yaliyochapishwa 2010, takriban nusu tu. Utafiti wa Kenya ulikadiria kinga dhidi ya kulazwa hospitalini kwa sababu ya rota kuwa asilimia 64. Si kwamba dawa huharibika njiani. Matone haya yana virusi hai vilivyodhoofishwa, na sharti vizaliane kwenye ukuta wa utumbo ndipo mwili uvitambue. Mtoto anayemeza vijidudu vya kinyesi siku nenda siku rudi hupata uvimbe wa kudumu utumboni, hata asipohara, na uvimbe huo ni miongoni mwa sababu zinazotajwa za chanjo kutoshika. Kingamwili za mama nazo huchangia.

Ndiyo maana nasema maji ni sehemu ya chanjo. Mjini Mombasa, Changamwe ina mtambo wa maji taka wa Kipevu, lakini sehemu kubwa ya Kisauni na Likoni hutegemea vyoo vya shimo, na bomba likikauka watu hurudi visimani, katika ardhi ya mchanga na mawe ya matumbawe inayopitisha uchafu upesi. Zimbabwe, familia zilipojengewa vyoo na kupewa dawa ya kutibu maji, watoto walioonyesha kinga baada ya matone ya rota walikuwa asilimia 30, dhidi ya 20 kwa wengine. Ongezeko ni dogo, lakini ni la kweli, na chanjo haikubadilishwa.

Atauliza mzazi: ikiwa haishiki sawasawa, ya nini kupanga foleni kliniki? Kwa sababu pale ugonjwa ulipojaa, asilimia 64 huokoa watoto wengi kuliko asilimia 95 pale ulipo haba. Kungoja mabomba kwanza ni kuwaacha watoto wa leo bila ngao yoyote. Basi mzazi, mpeleke mwanao kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kijitabu chake, na maji ya kisima yachemshe au yatie klorini. Nayo kaunti ya Mombasa, inapopanga bajeti ya chanjo, iweke mezani na bajeti ya maji taka ya Kisauni na Likoni.