Marufuku ya Makadamia: Nani Anayelipa?

Makala haya yananuia kuchambua swali ambalo limewashughulisha wakulima wa Thika na viunga vyake kwa muda mrefu: zao ghafi linapozuiwa kuuzwa ng'ambo, gharama yake hubebwa na nani?

Mmakadamia ni mti mgeni nchini Kenya. Mlowezi Bob Harries aliuleta kutoka Australia mwaka 1946 na kuupanda katika shamba lake karibu na Thika, mji ambao baadaye ulipata viwanda vya kubangua kokwa zake. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku uuzaji wa makadamia ghafi katika nchi za nje, na Sheria ya Mazao ya 2013 ikautilia nguvu uamuzi huo. (Wengi husema "makadamia mbichi", ilhali kinachokatazwa ni kokwa zisizobanguliwa, hata zikiwa kavu kama kuni. Neno mwafaka ni "ghafi".)

Watetezi wa marufuku wana hoja nzito. Kokwa ikibanguliwa Thika, ajira hubaki Thika. Aidha, wanunuzi wa kigeni wanaoshindania mzigo huwashawishi watu kuchuma, na hata kuiba, kokwa changa.

Hata hivyo, hebu tutazame upande wa bei. Tuchukulie kuwa mnunuzi wa nje yuko tayari kulipa shilingi 100 kwa kilo. Akizuiwa, kiwanda hakina sababu ya kulipa 100. Kinahitaji tu kumzidi kidogo mwenye kiwanda jirani. Kikilipa 60, mkulima amekatwa 40, wala hakuna risiti inayoonyesha makato hayo. Huu ni ushuru usio na jina, na aghalabu hauingii katika hazina ya umma. Ajabu ni kwamba kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Ruiru mwaka 1985, husafirishwa zaidi ikiwa haijakaangwa, na hatuoni ikipigwa marufuku.

Bei ya makadamia ilipoporomoka katika miaka ya mwanzo ya 2020, soko la dunia nalo lilikuwa limedorora. Si haki kuilaumu marufuku peke yake. Lakini mkulima hakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Mwishoni mwa 2023 Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, aliruhusu uuzaji wa kokwa ghafi kwa mwaka mmoja.

Zipo njia nyingine. Tatizo la kokwa changa laweza kutatuliwa kwa kufunga msimu wa mavuno, hatua ambayo Mamlaka ya Kilimo na Chakula imewahi kuichukua. Kuhusu viwanda, Tanzania hutoza ushuru korosho ghafi zinazosafirishwa badala ya kuzizuia. Ushuru huonekana, hupimika, na waweza kujadiliwa bungeni. Mwaka 2018 wabunge wa mikoa ya kusini walizozana vikali na serikali yao kuhusu sehemu ya fedha hizo iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao lenyewe. Mkulima wa makadamia wa Thika hana hata tarakimu ya kuzozania.