Bukavu: Ukiuza bunduki ya kuwinda, karatasi zitangulie, si koli

Swali lilitufikia kutoka familia moja ya komini ya Ibanda. Baba wa nyumba alikuwa mwindaji wa zamani katika misitu ya Shabunda. Alifariki, akaacha mjane, watoto wanaosoma, na bunduki moja ya kalibri 12 ndani ya kabati, pamoja na permi yake iliyokunjwa ndani ya bahasha. Rafiki wa marehemu anayeishi Kinshasa anataka kuinunua. Bei wamekwisha kusikilizana kwa simu. Limebaki jambo moja: bunduki itafikaje kule kwa njia ya sheria, bila bei ya usafiri kumeza pesa yote ya masomo ya watoto?

Jirani mmoja aliwapa shauri la haraka: waifungue vipande, waifiche ndani ya godoro, waitume kama koli ya kawaida. Mtoto mkubwa wa marehemu alikataa. Alifanya vizuri. Lakini swali lake linastahili jibu, maana hakika si nyumba yake peke yake yenye bunduki ya mzee aliyekufa.

Jibu kwa ufupi ni hili: katika Kongo hakuna koli ya bunduki ambayo raia anaweza kujitumia mwenyewe, iwe kwa bei ya juu au ya chini. Bunduki inabadilisha mwenyewe kwa ruhusa ya Leta tu. Na njia isiyokula pesa nyingi ni moja: bunduki ibaki mahali ilipo, karatasi ndizo zisafiri kwanza.

Permi ni ya mtu

Sheria inayoongoza mambo haya ni ya zamani. Ni ile namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, iliyowekwa wakati wa Zaire, juu ya utaratibu wa silaha na risasi. Kuingiza silaha nchini, kuitoa, kuiweka nyumbani, kuibeba na kuiachia mtu mwingine, yote hayo sheria inayaweka chini ya ruhusa ya serikali. Wizara ya Mambo ya Ndani ndiyo yenye neno kubwa. Kwa upande wa uwindaji kuna sheria nyingine, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Ruhusa ya kuwa na bunduki na ruhusa ya kuwinda ni vitu viwili.

Watu wengi wanadhani permi inafuata bunduki, kama vile karatasi za motokari zinavyofuata motokari. Sivyo. Permi ina jina la mtu mmoja. Mtu huyo akifa, mjane hawezi kusema kwamba permi ya bwana wake inamfunika yeye. Bunduki inaweza kuhesabiwa katika mali ya urithi, lakini haki ya kuishika hairithiwi. Ndiyo maana familia ya Ibanda, hata kabla ya kufikiri juu ya mnunuzi, iko na kazi ya kwanza: kutangaza kwamba mwenye permi amekufa na silaha ipo.

Upande wa mnunuzi ni vilevile. Yule rafiki wa Kinshasa anapaswa kupata permi yake mwenyewe, yenye jina lake, kabla ya kugusa bunduki. Akilipa kwanza na kutafuta permi nyuma, amenunua kitu ambacho hana haki ya kukiweka nyumbani, na familia imeuzia mtu asiye na ruhusa. Shida inawapata wote wawili.

Kalashnikov haina soko la halali

Hapa tunazungumza juu ya bunduki ya kuwinda tu. Silaha ya vita haina permi ya raia. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 juu ya silaha ndogo na nyepesi, ambayo Kongo ni mmoja wa nchi zilizotia sahihi, inataka kila nchi ikataze kabisa raia kuwa na bunduki zinazojipiga zenyewe mfululizo na hata zile za nusu-otomatiki. Kwa Kalashnikov hakuna bei, hakuna muuzaji wa halali, hakuna usafiri wa halali. Kuna kuirudisha tu.

Adhabu nayo si ndogo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 156, inasema korti za kijeshi ni kwa askari na polisi. Hata hivyo, kwa miaka mingi raia wameendelea kupelekwa mbele ya korti hizo kwa kosa la kuwa na silaha za vita bila haki. Tena mwezi wa Machi 2024 serikali ya Kinshasa iliondoa kizuizi kilichokuwa kimesimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo tangu 2003, na ujambazi wa mjini unaoua watu umetajwa kati ya makosa yanayohusika. Bunduki uliyouza bila karatasi, ikitumiwa usiku katika wizi wa Kadutu au wa Kinshasa, wachunguzi wataanza kuuliza ilitoka kwa nani.

Njia zote zina shida yake

Tuangalie sasa barabara zenyewe. Uwanja wa ndege wa Kavumu uliangukia mikononi mwa M23 tarehe 14 Februari 2025, na mji wa Bukavu siku mbili baadaye. Tangu hapo safari ya ndege ya moja kwa moja ya Bukavu na Kinshasa, ambayo ingekuwa njia rahisi zaidi ya kusafirisha bunduki yenye karatasi kamili, ilikatika.

Posta haisaidii. Mapatano ya Umoja wa Posta Duniani yanakataza vitu vinavyolipuka ndani ya barua na vifurushi, na risasi ni mmoja wa vitu hivyo. Ajansi za usafiri wa basi na mabwato ya Ziwa Kivu hazina haki ya kubeba silaha ya mtu kwa sababu tu amelipa tiketi ya koli. Dereva au kondakta aliyekutwa nayo atakamatwa pamoja na wewe, hata kama hakujua ndani ya godoro kuna nini.

Kwenda Uvira kuna mtego mwingine ambao wasafiri wetu wanausahau. Kwa kuepuka mteremko mbaya wa Ngomo, magari mengi yamezoea kuvuka Ruzizi, kupita upande wa Rwanda hadi Bugarama, kisha kuingia tena Kongo kwa Kamanyola. Kwa abiria wa kawaida ni njia fupi tu. Kwa mwenye bunduki ni kutoa silaha nje ya nchi, kuipitisha katika nchi nyingine, na kuiingiza tena: ruhusa tatu, si moja. Itifaki ya Nairobi inadai ruhusa hizo kwa kila mpaka. Mzigo uliotoka Bukavu kwenda Uvira, miji miwili ya jimbo moja, unageuka kuwa biashara ya silaha ya kimataifa.

Anayetoka kuelekea Bunyakiri au Walikale kwa barabara ya taifa namba 3 anapita ndani ya Mbuga ya Kahuzi-Biega. Huko bunduki ya kuwinda hairuhusiwi kuingia, na walinzi hawawezi kujua kama unakwenda kuuza au kuwinda.

Juu ya yote hayo kuna mistari ya vita. Kati ya Bukavu na mnunuzi kuna vizuizi vya watu mbalimbali wenye silaha, na hakuna karatasi inayoheshimiwa na wote. Kinshasa haitambui utawala wa AFC/M23. Muhuri uliotolewa upande mmoja unaweza kuwa sababu ya kukamatwa upande wa pili. Katika hali hiyo, hata mwenye karatasi safi anahatarisha maisha yake akibeba bunduki njiani.

Bukavu inajua uzito wa jambo hilo. Mwezi wa Februari 2025 askari walipoondoka, silaha zilibaki nyuma na watoto wakaziokota. Tarehe 18 Februari ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza kwamba imethibitisha watoto waliuawa na M23 bila hukumu baada ya kundi hilo kuingia mjini, na ikasema inajua pia kwamba kulikuwa na watoto wenye silaha mikononi. Kuonekana na bunduki tu, bila kujali umeipata wapi, kunaweza kumaliza maisha ya mtu.

Ndugu wa ng'ambo wajue pia

Baadhi ya wasomaji wetu walio Ulaya na Marekani wanafikiri wanaweza kununua bunduki kule na kuituma kwa ndugu ili ajilinde. Njia hiyo imefungwa. Azimio namba 1493 la Baraza la Usalama, la tarehe 28 Julai 2003, liliweka vikwazo vya silaha vilivyolenga Kivu na Ituri, na tangu azimio namba 1807 la mwaka 2008 vikwazo hivyo vinahusu makundi na watu binafsi wote wasio wa serikali katika Kongo. Si makundi ya wapiganaji tu: ndugu yako wa Kadutu ni mtu binafsi. Hata ndani ya Marekani kwenyewe, sheria ya mwaka 1968 inataka bunduki inayouzwa na raia wa jimbo moja kwa raia wa jimbo lingine ipitie kwa mfanyabiashara mwenye leseni.

Familia ifanye nini?

Kwanza, bunduki isitoke nyumbani. Itolewe risasi na mtu anayejua, ifungwe kwa ufunguo, na risasi ziwekwe mbali nayo. Watoto wasijue ufunguo uko wapi.

Pili, kusanyeni karatasi: permi ya marehemu, cheti cha kifo, kitambulisho cha mjane, na namba iliyochorwa kwenye chuma cha bunduki. Fanyeni kopi. Gharama yake ni ya fotokopi tu.

Tatu, tafuteni avoka kabla ya kwenda ofisi yoyote, na mwende mikono mitupu. Msibebe bunduki barabarani eti mnaenda kuitangaza. Mwenye mamlaka aambiwe silaha ipo, naye aseme itachukuliwa vipi.

Nne, msipokee pesa ya mnunuzi asiye na permi yenye jina lake. Akiipata, makabidhiano yafanyike mbele ya mamlaka na kuandikwa, namba ya bunduki ikiwa ndani. Mnunuzi wa karibu mwenye permi ni bora kuliko wa mbali anayetoa bei kubwa, maana bunduki haitavuka mpaka wala mstari wa vita.

Tano, mkiamua kuirudisha kwa Leta, daini karatasi ya mapokezi yenye tarehe, namba ya silaha na jina la aliyeipokea. Na kwa malipo yoyote, risiti. Karatasi hiyo ndiyo itawalinda miaka ijayo.

Hapa ndipo sheria inawaacha maskini. Mjane anayerudisha bunduki anaondoka na karatasi, jirani anayeiuza gizani anaondoka na dola. Programu ya P-DDRCS, iliyoundwa tarehe 4 Julai 2021, iliwekwa kwa ajili ya waliokuwa wapiganaji, si wajane wa wawindaji. Lakini mfano upo nyumbani. Miaka ya 2000, katika Katanga, shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda lilikuwa linampa baiskeli aliyeleta bunduki. Msumbiji, kuanzia 1995, Baraza la Makanisa lilibadilisha silaha kwa vyerehani, baiskeli na vifaa vya kilimo. Mama akipewa cherehani mahali pa bunduki, hana sababu ya kusikiliza shauri la godoro.

Mtoto wa marehemu amemwandikia rafiki wa baba yake: aanze na permi yake huko Kinshasa, na asitume pesa kwanza. Bunduki bado iko kabatini, bila risasi. Masomo ya muhula huu familia imeyalipa kwa deni.